Leso si kosa: Safari ya kitambaa kimoja na majina yake mawili

MSOMAJI mmoja wa safu hii, mwalimu wa Kiswahili, ameniletea swali lililozua ubishi katika chumba cha walimu shuleni mwao. Mwanafunzi aliandika katika insha yake kwamba nyanyake alijifunga leso kiunoni, akajitanda nyingine kichwani, kisha akashika njia kwenda matangani. Mwalimu aliyesahihisha insha hiyo akapiga mstari mwekundu chini ya neno ‘leso’ na kuandika pembeni ‘kanga’. Hoja yake? Ati leso ni kitambaa cha kupangusia kamasi, na hajapata kuona bibi aliyejifunga hankachifu kiunoni.

Mzaha huo umewachekesha wengi, lakini mwanafunzi alipoteza alama. Hebu basi tulitazame suala hili kwa makini, kwa sababu linagusa jambo kubwa kuliko insha moja. Linahusu ni nani mwenye haki ya kuamua neno lipi ni Kiswahili na lipi si Kiswahili.

Nitatoa jibu kwanza, sababu zifuate. Mwanafunzi hakukosea. Tena, ule mzaha wa mwalimu una ukweli ambao mwenyewe hakuukusudia. Kuna wakati katika historia ya pwani yetu ambapo akina mama walijifunga hankachifu kiunoni. Hawakujifunga moja, walijifunga sita kwa pamoja. Na hapo ndipo vazi hili lilipopatia jina.

Neno kutoka ng’ambo

Wareno walifika pwani ya Kenya mwaka 1498, Vasco da Gama alipopita Mombasa na kutia nanga Malindi. Walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakatimuliwa humo na Waomani mwaka 1698. Katika miaka hiyo 200 hawakufaulu kutuachia lugha yao kama walivyofanya Msumbiji, ila walituachia maneno kadhaa ambayo leo tunayatumia bila kufikiri yalikotoka. Meza ni ‘mesa’ yao. Bendera ni ‘bandeira’. Mvinyo ni ‘vinho’. Karata ni ‘carta’. Na gereza, neno linalotutia hofu, ni ‘igreja’, ambalo kwao maana yake ni kanisa.

Leso limo katika kundi hilo. Kireno wana neno ‘lenço’, yaani kitambaa cha mkononi, cha shingoni au cha kichwani. Neno hilo nalo lina babu yake katika Kilatini, ‘linteum’, lililomaanisha kitambaa cha kitani. Lilipoingia kinywani mwa Mswahili lilipoteza ile sauti ya puani, kwa kuwa maneno yetu ya asili hayana mazoea ya kuweka ‘n’ mbele ya ‘s’. Ikabaki leso.

Kwa hivyo, kwa maana yake ya kwanza kabisa, leso ni kitambaa kidogo. Katika hilo mwalimu yule ana msingi. Nchini Tanzania hadi leo ukimwomba mtu leso atatia mkono mfukoni. Kamusi zetu nazo hulipa neno hili maana zote mbili, ya kitambaa cha mkononi na ya vazi. Tunachohitaji kueleza ni jinsi kitambaa cha kutosha kiganja kilivyopanuka hadi kumfunika mtu mzima.

Vitambaa sita

Simulizi inayokubalika sana miongoni mwa wanaochunguza mavazi ya pwani ni hii. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, maduka ya Unguja na ya miji mingine ya pwani yaliuza leso za rangi zilizopigwa chapa viwandani ng’ambo. Hazikuja moja moja. Zilikuja katika ukanda mrefu wa kitambaa, leso baada ya leso, na mwenye duka alikata idadi aliyoitaka mteja.

Akina mama wakaona mbali zaidi ya wenye viwanda. Badala ya kununua leso moja ya kufunga kichwani, walinunua sita zikiwa bado zimeshikana. Wakazikata katikati kupata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakavishona pamoja ubavu kwa ubavu. Matokeo yake yakawa nguo moja pana, yenye safu mbili za leso tatu. Nguo hiyo ilitosha kufungwa kifuani au kiunoni, na ilikuwa na urembo ambao hakuna kiwanda kilichokuwa kimeubuni.

Waiite nini? Imeshonwa kwa leso, basi ni leso. Halihitaji falsafa. Neno lilifuata kitambaa. Kitambaa kilipokua, maana nayo ikakua.

Wafanyabiashara hawakulala. Walipoona mtindo huo umeshika, waliagiza nguo nzima iliyochapishwa kwa pamoja, bila mshono, yenye ukingo pande zote nne na mchoro katikati. Hapa Mombasa, jina linalokumbukwa zaidi katika biashara hiyo ni la Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake mwaka 1887 na ambaye leso zake zilitambulika kwa maneno ‘Mali ya Abdulla’. Viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India na baadaye Japani vilizalisha leso kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, mahali ambapo wengi wa wafanyakazi wa viwanda hivyo hawakuwahi kufika.

Mshono ulipotoweka, jina halikutoweka. Hilo lisitushangaze. Jina la nguo likishakaa katika ulimi wa watu, huishi muda mrefu kuliko sababu iliyolizaa.

Chukua mfano wa merikani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na tangu hapo meli kutoka bandari ya Salem, jimbo la Massachusetts, zikawa zinaleta Unguja pamba iliyofumwa huko. Watu wakaiita nguo hiyo kwa jina la nchi ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo, kati ya 1861 na 1865, viliitatiza biashara hiyo, na wafumaji wa Uingereza na India wakapata nafasi ya kujaza pengo. Hata hivyo, nguo iliyofumwa Bombay iliendelea kuitwa merikani! Hakuna aliyewaambia wanunuzi kwamba wanakosea. Kama merikani ya India ni Kiswahili sahihi, mbona leso isiyo na mshono iwe kosa?

Ndege na pumzi

Sasa tugeukie kanga, jina ambalo mwalimu aliliona ndilo pekee linalofaa. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba nguo hii ilipewa jina la ndege, yule kanga wa porini mwenye madoadoa meupe juu ya manyoya meusi, kwa sababu michoro ya mwanzo ilikuwa na vidoa kama vyake. Wapo wanaoongeza kwa utani kwamba akina mama wakikutana na leso zao huongea kama kundi la kanga. Utani huo nauachia wenyewe.

Wengi wetu nchini Kenya huliandika neno hili ‘khanga’, na kuna wanaodhani hiyo ni madaha ya wenye maduka tu. Sivyo. Herufi hiyo ‘h’ ina kazi. Katika Kimvita na lahaja nyingine za pwani ya kaskazini kuna tofauti ya pumzi ambayo Kiswahili sanifu hakiiandiki. Msikilize Mswahili wa Mombasa akitamka paa la nyumba, kisha akitamka paa mnyama. Msikilize akisema kaa la moto, kisha kaa wa baharini. Katika kila jozi, neno la pili hutoka na mpumuo. Ukitaka kanuni ya haraka, angalia wingi. Lile linalopata wingi kwa ma-, kama mapaa na makaa, halina pumzi. Lile lisilobadilika katika wingi ndilo lenye pumzi.

Pumzi hiyo ni alama ya sauti iliyopotea. Zamani maneno haya yalianza kwa king’ong’o, yaani ‘n’ au ‘m’ mbele ya konsonanti. King’ongo kilitoweka, kikaacha pumzi nyuma yake kama nyayo mchangani. Ushahidi upo kwa jamaa zetu wa Kibantu. Kule Malawi, Wachewa humwita ndege huyu ‘nkhanga’, na kuku humwita ‘nkhuku’. Wao wamehifadhi vyote viwili, king’ong’o na pumzi. Washona wa Zimbabwe wao husema ‘hanga’ na ‘huku’, yaani wamebakiza pumzi peke yake. Ukiweka nkhanga, khanga na hanga katika mstari mmoja, unaona neno moja la kale likisafiri.

Kwa hivyo ‘kh’ ya khanga si ile ‘kh’ ya kheri na Khamisi, inayokwaruza koo kwa mtindo wa Kiarabu. Nimewasikia watangazaji wakiitamka hivyo wakidhani wanaongea Kiswahili cha ndani. Hapana. Neno hili ni la Kibantu tangu mizizi hadi matawi.

Kuna dai jingine ambalo limeenea, kwamba kanga limetokana na kitenzi cha kale cha Kibantu, ‘kukanga’, chenye maana ya kufunga. Ni kweli kitenzi cha namna hiyo kipo. Anayejua Kilingala atakwambia ‘kokanga’ ni kufunga. Tatizo ni wakati na mahali. Nguo hii ilipata jina lake pwani mwishoni mwa karne ya 19, na Waswahili wa pwani hawasemi wanakanga nguo. Wanajifunga leso, wanajitanda, wanajitanda ushungi. Ukimwambia mtu wa Mombasa akange kitu, atawasha jiko. Jina jipya huzaliwa kutokana na maneno yaliyo hai midomoni mwa wanaolitumia. Ndege walikuwepo, na vidoa vilionekana. Mimi nakwenda na ndege.

Tukilinganisha basi majina haya mawili, tunaona hayashindani. Leso linatueleza nguo hii ilishonwa kwa nini. Khanga linatueleza ilifanana na nini. Moja lina asili ya Kireno, jingine la Kibantu, na yote mawili yamekuwa Kiswahili kwa zaidi ya karne moja. Ukilifuta mojawapo umeirarua nusu ya kumbukumbu.

Nguo na uhuru

Kumbukumbu hiyo si ya urembo peke yake. Kabla ya leso kuenea, mavazi ya pwani yalitangaza hadhi ya mtu hata kabla hajafungua kinywa. Watumwa walivaa merikani, au kaniki, ile nguo iliyotiwa rangi ya nili hadi ikakaribia weusi. Hariri na nguo za rangi zilikuwa za waungwana.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani Unguja walivyoiacha kaniki na kuvaa kanga kama njia ya kutangaza kwamba sasa ni watu huru. Nguo ya rangi ilikuwa tamko. Mwanamke ambaye jana alivalishwa kwa amri ya bwana wake, leo alichagua mwenyewe rangi, mchoro na mtindo wa kujifunga.

Baadaye yakaja maneno. Mwanzoni mwa karne ya 20 leso zilianza kuandikwa methali na misemo, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi tulizozizoea. Mwanamke asiyepata nafasi ya kusema barazani akapata pa kusemea. ‘Wema hauozi’ ni nasaha. ‘Japo sipati tamaa sikati’ inategemea nani ameivaa, na amepita mbele ya nani. Watu wamegombana kwa leso, na watu wamepatanishwa kwa leso, bila neno hata moja kutamkwa.

Sanifu na kilichobaki nje

Turudi kwenye kalamu nyekundu. Imekuwaje Mkenya aliyezaliwa na kubebwa kwa leso aamini kwamba leso si neno la insha? Jibu liko mwaka 1928. Mwaka huo mkutano wa wawakilishi wa maeneo ya Afrika Mashariki ulikaa na kuamua kwamba Kiunguja ndicho kitakuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano huo ulifanyika wapi? Mombasa! Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwake. Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930, na mwaka 1939 ikatoka kamusi sanifu iliyohusishwa na jina la Frederick Johnson.

Sina ugomvi na usanifishaji. Bila huo, mtoto wa Busia na mtoto wa Kwale wasingefanya mtihani mmoja. Lakini usanifishaji una tabia ya kuwafanya watu wadhani kwamba kilichobaki nje ya mlango ni takataka. Pumzi ya khanga ilibaki nje kwa sababu tahajia sanifu haikuihitaji. Maana kuu ya leso kwa Wakenya nayo ikawa kama mgeni kwenye karamu. Hata hivyo, nenda Biashara Street mjini Mombasa uulize khanga, utapata. Uliza leso, utapata ileile. Nenda soko la Kisumu au la Kakamega, utaambiwa leso, na hakuna atakayekuletea kitambaa cha kamasi. Neno linaloeleweka na mamilioni kuanzia bahari hadi ziwa haliwezi kuwa kosa kwa sababu tu jirani yetu hulitumia kwa maana nyingine.

Kwa hivyo, kwa walimu wenzangu nasema hivi. Leso na kanga (au khanga) zote zikubaliwe kwa maana ya vazi. Mwanafunzi anapolitumia leso kwa maana ya kitambaa cha mkononi pia hajakosea, mradi muktadha uwe wazi. Tunachopaswa kumdai ni uthabiti. Asianze aya ya kwanza kwa leso, ya pili kwa kanga, na ya tatu kwa khanga kana kwamba bibi anabadilisha nguo njiani.

Kuna hatari nyingine inayonikera zaidi ya mstari mwekundu. Tukizozania jina la nguo, tunasahau kufunza msamiati ulioizunguka. Ukingo wa leso huitwa pindo. Sehemu ya katikati huitwa mji. Maneno yaliyoandikwa huitwa jina. Leso mbili zinazouzwa zikiwa hazijakatwa ni doti, neno lililotufikia kutoka India, ambalo zamani za misafara ya bara lilikuwa kipimo cha nguo, na doti moja ilikuwa sawa na shuka mbili. Leso ya bi harusi, yenye nyekundu, nyeupe na nyeusi, ni kisutu. Nguo ya kumbebea mtoto mgongoni ni mbeleko.

Na kibwebwe je? Kila mtahiniwa wa KCSE ameandika kwamba fulani ‘alijifunga kibwebwe’ akapita mtihani. Waulize kibwebwe ni nini hasa, uone wangapi watajibu. Ni leso au nguo nyingine inayofungwa kwa nguvu kiunoni, wakati wa ngoma au wa kazi nzito, ili mwili uwe imara. Nahau imebaki mdomoni, nguo imetoka kichwani. Masombo nayo, katika ‘kujifunga masombo’, ni ndugu yake.

Maneno haya hayajafa. Yako hai kwa wauzaji, kwa makungwi na kwa akina nyanya, ambao hawajawahi kuulizwa na mtunga kamusi yeyote. Mwalimu anayetaka somo la msamiati lenye uhai alete leso moja darasani, aitandaze mezani, na aanze na swali rahisi: pindo liko wapi, mji uko wapi, na jina linasemaje?